FP16 au BF16 kwa vekta milioni moja?

Swali la msomaji: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaandika kwa lugha ya C injini ndogo ya kutafuta maandishi. Kila aya imegeuzwa na modeli kuwa vekta ya namba 768, na ninazo aya kama milioni moja. Kwa floti za biti 32 seva niliyokodi ilikuwa inalemewa, nikahamia BF16, umbo la namba la biti 16, kwa kutumia amri za prosesa za AVX512_BF16, na kasi imeongezeka. Lakini programu hiyohiyo nikiipeleka kwenye laptopu yangu inakufa papo hapo na ujumbe "Illegal instruction". Nilipoandika njia ya kawaida kwa ajili ya laptopu, mpangilio wa majibu haukulingana na wa seva. Rafiki yangu ananiambia niache BF16 nitumie FP16, umbo jingine la biti 16. Nimsikilize? Na je, nikodi mashine yenye AMX, zile amri za kuzidisha matriki?

Jibu: Msikilize rafiki yako. Kwa data uliyoieleza FP16 inafaa kuliko BF16, na huhitaji AVX-512 (amri za prosesa zenye rejista za biti 512) ili kuitumia. Karibu hakika laptopu yako inaiweza hivi sasa. AMX iache kwanza, nitaeleza lini itakufaa. Hayo mengine mawili, programu kufa na majibu kutolingana, yana vyanzo tofauti kabisa ingawa yamekujia pamoja, kwa hiyo nitayatenganisha.

Tuanze na biti zenyewe. FP16 imo kwenye kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 2008: biti 1 ya alama (chanya au hasi), 5 za kipeo (ukubwa wa namba) na 10 za mantisa (tarakimu zake). BF16 ilitoka Google, kwenye kundi la Google Brain ambalo ndilo lililoipa herufi B: biti 1 ya alama, 8 za kipeo na 7 za mantisa. Zote zina biti 16, ila zimezigawa tofauti. BF16 imechukua kipeo kizima cha floti ya biti 32, hivyo inapanda hadi karibu 3.4 × 10³⁸, na kuirudisha iwe floti ni kusogeza biti 16 kwenda kushoto tu. FP16 inaishia 65504. Kwa kubana hapo, FP16 inapata mantisa ndefu zaidi: ukikadiria namba kwenda FP16, kosa halizidi kama asilimia 0.05 ya namba yenyewe, ilhali kwa BF16 linaweza kufika asilimia 0.39. Biti tatu za mantisa ni tofauti ya mara nane.

Sasa tazama vekta zako. Modeli nyingi za maandishi hutoa vekta zilizosawazishwa ziwe na urefu wa 1. Kama zako bado, zisawazishe kabla ya kuzihifadhi. Vekta yenye urefu wa 1 na vijenzi 768 ina vijenzi vyenye ukubwa wa wastani wa 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 768, yaani karibu 0.036. Maeneo hayo, namba mbili za FP16 zinazofuatana zimepishana kwa kama 0.00003. Za BF16 zimepishana kwa 0.00024. Hakuna kijenzi chako hata kimoja kitakachozidi 1, seuze kufika 65504. Kwa hiyo BF16 inakupa upana usiouhitaji, na inakutoza usahihi unaouhitaji. Vijenzi vidogo sana, vile vilivyo chini ya 0.00006, kwenye FP16 vinaanza kupoteza biti moja moja za mantisa, lakini mchango wake katika jumla ni mdogo kiasi kwamba hutauona.

BF16 haikubuniwa kwa kazi yako. Ilibuniwa kwa kufundisha mitandao ya neva, ambako gradienti (namba zinazoelekeza uzito wa modeli urekebishwe vipi) huwa ndogo mno. Chochote kilicho chini ya nusu ya 0.00000006 kikipelekwa FP16 kinakuwa sifuri, na mafunzo yanadumaa. Waliofundisha kwa FP16 walilazimika kukuza hasara (kipimo cha kosa la modeli) kwa kuizidisha na namba kubwa kabla ya kukokotoa gradienti, kisha kuipunguza baadaye. BF16 iliwaondolea adha hiyo. Ni umbo zuri sana mahali pake, na ukianza kuhifadhi uzito wa modeli au gradienti, ushauri wangu utageuka.

Upo mtego mmoja wa FP16 ninaotaka uujue kabla hujabadilisha chochote. Ukikokotoa umbali kati ya vekta zisizosawazishwa, na ukafanya hesabu yenyewe ndani ya FP16, tofauti ya 256 ikipigwa kipeo cha pili inakuwa 65536. Hiyo tayari imevuka 65504, na jibu ni infiniti. Hakuna onyo, hakuna ujumbe. Unapata orodha ya majibu ambayo yote yako mbali kwa kiasi kilekile kisicho na mwisho. Kusawazisha vekta kunaondoa hatari hii, na kujumlisha ndani ya floti za biti 32 kunaiondoa pia. Fanya yote mawili.

Hapo kwenye kujumlisha ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi huuliza "FP16 au BF16" kana kwamba ni uamuzi mmoja. Ni maamuzi mawili. La kwanza: namba zihifadhiwe kwa upana gani? La pili: jumla ikusanywe kwa upana gani? La kwanza linaweza kuwa biti 16 bila shida. La pili libaki biti 32, na katika hili sina simile.

Angalia kinachotokea. Namba ya FP16 ina biti 11 za maana, ukihesabu ile ya kwanza isiyoandikwa. Ukizidisha mbili, zao lina biti 22 kwa wingi. Floti ya biti 32 ina nafasi ya biti 24. Maana yake kuzidisha namba mbili za FP16 na kuweka zao kwenye floti hakupotezi chochote, hata biti moja. Kwa BF16 ni biti 8 kwa 8, zao ni biti 16, nalo linaingia zima, mradi kipeo hakikushuka chini ya uwezo wa floti. Kwa hiyo makosa yanaingia mara mbili tu: unapokadiria namba ili uihifadhi, na unapojumlisha. Kuzidisha kwenyewe ni safi.

Kujumlisha ndani ya biti 16 ni balaa. Chukua kikusanyio cha BF16 na uanze kuongeza 1, 1, 1. Ukifika 256 kinagoma. Namba inayofuata 256 katika BF16 ni 258. 257 iko katikati kabisa, na kanuni ya kukadiria kwenda namba iliyo shufwa inairudisha kwenye 256. Unaweza kuongeza 1 mara milioni, jibu litabaki 256. FP16 inagoma vivyo hivyo ikifika 2048. Vekta yako ina vijenzi 768, na jumla inapokua kila zao jipya linakuwa dogo mbele yake na kupoteza mkia wake. Hii ndiyo sababu amri ya VDPBF16PS uliyoitumia kwenye seva haikusanyi ndani ya BF16: inachukua jozi za BF16, inazizidisha, na kuongeza mazao kwenye floti za biti 32. Katika rejista ya biti 512 zinaingia BF16 32 kutoka kila upande, na zinatoka jumla 16, kila moja ikiwa imepokea mazao mawili. Waliobuni amri hiyo walikufanyia uamuzi wa pili, na waliufanya vizuri.

AVX512_FP16 ni kitu kingine. Hiyo inaleta hesabu kamili ndani ya FP16: VADDPH, VMULPH na ndugu zao, pamoja na amri za namba changamani zinazowafaa watu wa mawimbi ya redio. Ukiandika zao la nukta, yaani jumla ya mazao ya vijenzi vya vekta mbili, kwa VFMADD231PH, kikusanyio chako ni FP16 na yale ya 2048 yanakuhusu. Isitoshe mashine zenye hizo amri ni chache. Zilikuja na prosesa za Sapphire Rapids za Intel. Zen 4 na Zen 5 za AMD zina AVX512_BF16 lakini hazina AVX512_FP16. Ninaposema "tumia FP16" sizungumzii amri hizi.

Ninazungumzia F16C. Ni amri mbili tu, VCVTPH2PS na VCVTPS2PH: moja inageuza FP16 kuwa floti, nyingine inarudisha. Intel walizileta na Ivy Bridge mwaka 2012, na AMD nao wanazo tangu miaka hiyo. Ukiongeza FMA (amri ya kuzidisha na kujumlisha kwa pamoja) na AVX2 (amri za vekta za biti 256), ambazo kwa Intel zilianza na Haswell mwaka 2013, una kila unachohitaji. Laptopu nyingi za leo zinazo, isipokuwa baadhi ya Pentium na Celeron ambazo Intel waliziuza AVX ikiwa imezimwa.

Utaniuliza: kugeuza kila namba kabla ya kuizidisha si kazi ya ziada? Ni kazi, ila prosesa ilikuwa imekaa bure ikisubiri. Piga hesabu. Vekta moja ya floti ni baiti 3072. Milioni moja ni GB 3.07. Kwa FP16 ni baiti 1536 kila moja, jumla GB 1.54. Mashine yenye DDR4-3200 ya njia mbili inasoma kumbukumbu kwa kasi isiyozidi GB 51.2 kwa sekunde. Kupitia vekta zote za floti mara moja ni milisekunde 60, na hapo kila kitu kimekwenda sawasawa. Za FP16 ni 30. Upande wa hesabu, kiini kimoja cha GHz 3 chenye FMA mbili za AVX2 kinaweza kumaliza hayo mazidisho milioni 768 kwa milisekunde 16, na wewe una viini kadhaa vya kugawana pia kazi ya kugeuza. Kila namba unayoisoma kutoka kwenye kumbukumbu unaizidisha mara moja na kuitupa. Kazi ya namna hii hufungwa na kumbukumbu, na kasi uliyoipata kwenye seva kwa kiasi kikubwa ilitokana na kusoma baiti nusu. Umbo lolote la biti 16 lingekupa hiyo.

Kiini cha hesabu yako kitakuwa hivi:

```c
#include <immintrin.h>
#include <stdint.h>
#include <stddef.h>

__attribute__((target("avx2,fma,f16c")))
float zao_f16(const float *swali, const uint16_t *aya, size_t n)
{
    __m256 j[4];
    for (int k = 0; k < 4; k++)
        j[k] = _mm256_setzero_ps();

    for (size_t i = 0; i < n; i += 32) {
        for (int k = 0; k < 4; k++) {
            const uint16_t *p = aya + i + 8 * k;
            __m256 a = _mm256_cvtph_ps(
                _mm_loadu_si128((const __m128i *)p));
            __m256 s = _mm256_loadu_ps(swali + i + 8 * k);
            j[k] = _mm256_fmadd_ps(s, a, j[k]);
        }
    }
    j[0] = _mm256_add_ps(_mm256_add_ps(j[0], j[1]),
                         _mm256_add_ps(j[2], j[3]));
    float t[8];
    _mm256_storeu_ps(t, j[0]);
    return ((t[0] + t[1]) + (t[2] + t[3]))
         + ((t[4] + t[5]) + (t[6] + t[7]));
}
```

Swali la mtumiaji nimeliacha kwenye floti za biti 32 makusudi. Ni vekta moja tu, inakaa kwenye akiba ya ndani ya kiini muda wote, hivyo kuipunguza hakukupi kasi yoyote na kunaongeza kosa. Vikusanyio ni vinne kwa sababu FMA moja huchukua kama mizunguko minne kutoa jibu kwenye prosesa nyingi za sasa za Intel; ukiwa na kikusanyio kimoja, kila FMA inamsubiri mwenzake amalize. Vikusanyio vingi pia hupunguza kosa la kujumlisha, maana kila kimoja kinabeba jumla ndogo. Namba 768 inagawanyika kwa 32 bila baki. Kama siku moja vekta zitakuwa na urefu mwingine, zijaze sifuri mwishoni hadi zigawanyike.

Twende kwenye programu kufa. "Illegal instruction" maana yake prosesa imekutana na amri isiyoijua, na kerneli ikaiua programu kwa ishara ya SIGILL. AVX512_BF16 ilianza na Cooper Lake ya Intel mwaka 2020, ikaja Zen 4 mwaka 2022 na Sapphire Rapids mwaka 2023. Usidhani kwamba mashine yenye AVX-512 lazima iwe nayo: Ice Lake ina AVX-512 na haina BF16. Kwenye Linux tazama `/proc/cpuinfo` na utafute `f16c`, `avx512_bf16` na `avx512_fp16`. Jibu utalipata kwa dakika moja.

Kosa la kwanza la kuangalia ni `-march=native`. Ukijengea programu kwenye seva kwa chaguo hilo, kompaila ina ruhusa ya kutumia amri zote za seva popote inapopenda, hata kwenye kunakili mfuatano wa herufi. Jenga programu nzima kwa kiwango cha chini, na kila njia ya kasi iweke kwenye funksheni yake yenye `__attribute__((target(...)))` kama nilivyofanya hapo juu. Programu inapoanza, uliza mara moja kwa `__builtin_cpu_supports("avx512bf16")` au `"f16c"`, na uhifadhi jibu kama kielekezi cha funksheni. Usiulize ndani ya mzunguko. Ukiamua kusoma CPUID (amri inayotaja uwezo wa prosesa) mwenyewe, kumbuka kuuliza pia kwa XGETBV kama mfumo endeshi umekubali kuhifadhi rejista hizo pana. Prosesa inaweza kuwa na amri na mfumo ukawa umeikatalia.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa haujitokezi kila siku. Watu wengine hutenga faili moja zima na kulijengea na `-mavx512bf16`, kisha wanalinda mlango kwa ukaguzi. Inaonekana salama. Lakini kama faili hilo linajumuisha faili la kichwa lenye funksheni fupi za `inline`, hasa katika C++, kompaila itatoa nakala ya funksheni hizo yenye amri za AVX-512. Faili jingine linatoa nakala ya kawaida ya jina hilohilo. Linka inachagua moja na kuitupa nyingine. Ikichagua ile ya AVX-512, programu nzima inaitumia, na kwenye laptopu inakufa mahali pasipohusiana kabisa na vekta. Mafaili ya njia za kasi yasijumuishe kitu zaidi ya `immintrin.h`, `stdint.h` na vichwa vichache vya aina hiyo, na funksheni zake ndogo ziwe `static`.

Sasa majibu kutolingana. Hapa nadhani una mambo mawili, moja juu ya jingine. Angalia kwanza namna unavyogeuza floti kwenda BF16 kwenye laptopu. Njia inayomjia kila mtu kichwani ni kukata biti 16 za chini. Seva, kwa amri za VCVTNEPS2BF16 au VCVTNE2PS2BF16, haikati. Inakadiria kwenda namba iliyo karibu zaidi. Kukata daima kunaisogeza namba kuelekea sifuri, kwa wastani kama asilimia 0.27. Ukikata vekta zote mbili, kila alama ya mfanano inashuka kwa karibu nusu asilimia. Kama una kizingiti cha kukubali aya zenye alama ya 0.80 kwenda juu, zilizokaa juu yake kidogo zinadondoka bila sababu. Njia sahihi ya kugeuza ni hii:

```c
#include <stdint.h>
#include <string.h>

uint16_t kwenda_bf16(float x)
{
    uint32_t b;
    memcpy(&b, &x, sizeof b);
    if ((b & 0x7FFFFFFFu) > 0x7F800000u)
        return (uint16_t)((b >> 16) | 0x40u);
    return (uint16_t)((b + 0x7FFFu + ((b >> 16) & 1u)) >> 16);
}
```

Ule mstari wa `if` ni wa NaN (thamani isiyo namba halali), na usiuondoe ukidhani ni pambo. Chukua NaN yenye biti 0x7FFFFFFF na uipitishe kwenye mstari wa mwisho bila ulinzi: kuongeza kunafurika hadi kwenye biti ya alama, unapata 0x80007FFF, na baada ya kusogeza inabaki 0x8000. Hiyo ni sifuri hasi. Data iliyoharibika imegeuka kuwa namba halali, na hutajua tena iliharibikia wapi.

Ukitumia VCVTNE2PS2BF16 angalia pia mpangilio wa hoja zake: katika `_mm512_cvtne2ps_pbh(a, b)` ni `b` inayokaa nusu ya chini na `a` nusu ya juu. Kama swali na aya zote zimepangwa kwa amri hiyo kwa namna moja, zao la nukta halibadiliki. Lakini kama aya ulizigeuza kwenye laptopu kwa mpangilio wa kawaida na swali likageuzwa kwenye seva kwa mpangilio uliopinduka, unazidisha vijenzi visivyohusiana. Dalili yake si tofauti ndogo. Majibu yanakuwa ya ovyo. Kwa maelezo yako sidhani umefika huko.

Jambo la pili ni mpangilio wa kujumlisha, na hili halina dawa kwa kuwa si ugonjwa. Kujumlisha floti kwa mpangilio tofauti kunatoa jibu tofauti kidogo. Seva ina jumla 16 zinazokwenda sambamba, kila moja ikimeza mazao mawili kwa amri. Laptopu ina 8, au moja kama uliandika mzunguko wa kawaida. VDPBF16PS hata haisikilizi mipangilio ya MXCSR (rejista inayoongoza hesabu za floti): daima inakadiria kwenda iliyo karibu, na namba ndogo kupita kiasi inazifanya sifuri. Kwenye Arm mambo yanatofautiana zaidi, kwa sababu BFDOT (amri yake ya BF16) ya awali inatumia kanuni yake ya kukadiria kwenda namba witiri, isiyo miongoni mwa zile za kawaida za IEEE 754. Ukitaka mashine zote zikupe biti zilezile, itabidi uache amri hizi, na sikushauri.

Ukubwa wa tofauti hizi ndio muhimu kwako. Kwa vekta zako, mpangilio wa kujumlisha ndani ya biti 32 unagusa alama kwenye tarakimu ya saba au karibu na hapo. Kukadiria kwenda BF16 kunagusa alama kwa kiasi cha 0.0001. FP16 ni mara nane chini ya hapo. Katika aya milioni moja, alama za aya zinazokaribiana mara nyingi zinapishana kwa kiasi kidogo kuliko 0.0001, kwa hiyo kwa BF16 lazima baadhi zibadilishane nafasi. Ukihamia FP16 na F16C kwenye mashine zote mbili, kugeuza kutakuwa kulekule kabisa, biti kwa biti, na kitakachobaki ni ile tarakimu ya saba. Kama hata hiyo inakusumbua, chukua aya 100 bora kwa FP16, soma vekta zao za floti kutoka kwenye diski, kokotoa upya na upange. Vekta 100 ni kilobaiti 307, mtumiaji hatahisi. Mwisho, alama zikilingana kabisa, panga kwa namba ya aya, ili mpangilio usitegemee uzi upi ulimaliza kwanza.

Majaribio yako yasilinganishe alama kwa `==`. Linganisha na jibu la `double` kwa uvumilivu unaoendana na umbo ulilolihifadhi, na weka jaribio jingine linalopima ni aya ngapi kati ya 10 bora za floti zimebaki kwenye 10 bora za FP16. Hilo la pili ndilo linalomgusa mtumiaji wako.

Neno moja kuhusu `-ffast-math`, kwa sababu najua utashawishika. Kweli, bila ruhusa ya kubadili mpangilio kompaila haitageuza mzunguko wako wa kujumlisha kuwa wa vekta. Lakini kabla ya GCC 13, ukijengea maktaba ya pamoja kwa chaguo hilo, inaingiza msimbo unaobadili MXCSR kwa uzi unaoipakia, na maktaba za watu wengine ndani ya programu hiyo zinaanza kuhesabu tofauti bila kuambiwa. Tumia amri za vekta moja kwa moja kama hapo juu, na liache chaguo hilo.

Kuhusu AMX: ina rejista nane za kigae, kila moja safu 16 za baiti 64, na amri yake ya TDPBF16PS inafanya mazidisho 8192 kwa mkupuo. Ila mazidisho hayo ni ya matriki kwa matriki. Ukiwa na swali moja kwa wakati mmoja unajaza safu 1 kati ya 16, na sehemu kubwa ya mashine uliyoilipia inazidisha sifuri. Vilevile bado unasoma GB 1.54 kutoka kwenye kumbukumbu kwa kila swali, na AMX haina la kufanya hapo. Itakufaa siku utakapopokea maswali mengi kwa pamoja na kuyakusanya 16 au 32 kwa kundi, kwa sababu hapo kila vekta ya aya ukishaisoma unaitumia kwa maswali yote. Ukifika huko, kumbuka kwamba tangu Linux 5.16 programu lazima iombe ruhusa kwa `arch_prctl` kabla ya kugusa vigae. Usipoomba, unakutana tena na SIGILL ileile. Sapphire Rapids ina AMX ya BF16 na ya namba kamili za biti 8. Ya FP16 ilikuja na Granite Rapids.

Kabla ya kukodi mashine ghali zaidi, ningejaribu namba kamili za biti 8. Vekta inakuwa baiti 768 na kipimo kimoja cha floti pembeni, na VPDPBUSD ya VNNI (amri za kuzidisha namba kamili ndogo), iliyokuja na Cascade Lake mwaka 2019, inazizidisha na kukusanya kwenye namba kamili za biti 32 bila kosa la kukadiria. Amri hiyo inataka upande mmoja uwe na namba zisizo na alama, kwa hiyo utaongeza 128 upande wa swali na kutoa fidia mwishoni; jumla ya vijenzi vya kila aya unaihifadhi mapema kwa ajili hiyo. Floti za biti 8 (FP8) za aina ya E4M3 zina mantisa ya biti 3 tu, na kwa vekta ambazo vijenzi vyake vina ukubwa unaokaribiana, biti 8 za namba kamili zenye kipimo kizuri zinakupa usahihi zaidi. Hapo ule upangaji upya wa aya 100 bora unakuwa wa lazima, na pengine uzifanye 200.

Anza na FP16. Pima ni GB ngapi unazisoma kwa sekunde ukitumia viini vyote. Kama umekaribia kasi ya kumbukumbu yenyewe, msimbo wako umefika mwisho wake na hakuna amri mpya itakayoongeza kitu. Kinachobaki ni kupunguza baiti au kukusanya maswali. Kama uko mbali nayo, angalia vikusanyio na ugawaji wa kazi kati ya viini kabla hujagusa kingine.